Jina Kwenye Mstari wa Tatu

Rosina Komora alikuwa akigeuza mpunga juani. Mpunga ulitandazwa juu ya turubai mbele ya nyumba. Ulikuwa kidogo. Mafuriko yalikuwa yameondoka na nusu ya shamba. Sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ilikanyagwa na ng'ombe.

"Huu hautufikishi mbali," alisema James, mume wake.

"Mimi usiniambie," Rosina alijibu. "Kauambie ule waya."

Waya aliousema kila mtu aliujua. Kijiji chao kiko nusu saa kwa bodaboda kutoka Garsen. Katikati ya mashamba kuna njia ya ng'ombe inayoshuka hadi mto Tana. Njia hiyo tunaiita malka. Wafugaji wa Kiorma hupitisha ng'ombe hapo kwenda kunywa maji. Wakulima wa Kipokomo hawalimi hapo. Wazee wa pande mbili walikubaliana hivyo zamani, kabla hata ya barabara.

Malka ikiwa wazi, ng'ombe anakunywa na mpunga unasimama. Malka ikifungwa, ng'ombe hatakufa kwa kiu huku anayaona maji. Atapita shambani. Hapo mkulima atachukua panga na mfugaji atachukua mkuki. Tulishafika huko. Tulizika watu. Idadi siitaji. Kila nyumba inajua ya kwake.

Na sasa malka ilikuwa imefungwa kwa waya. Aliyeifunga ni tajiri ambaye hatujawahi kumwona uso. Sisi tuliwaona mawakala wake wawili. Mmoja ni Zachary, Mpokomo. Wa pili ni Dida, Muorma. Miaka mingi tumeambiwa kwamba Mpokomo na Muorma hawawezi kukaa pamoja. Hawa wawili walikaa meza moja, tena wakashiba.

Baada ya mazishi ya miaka ile, wakulima na wafugaji waliunda Kamati ya Malka. Ilikuwa na watu watano: wakulima watatu na wafugaji wawili. Rosina alichaguliwa katibu. Kamati ilifungua sanduku la barua pepe, ili malalamiko yafike ofisini bila kupitia mikono ya watu. Kisha wakaweka kanuni moja: hakuna kufichana. Kila barua isomwe na pande zote mbili. Kwa hiyo namba ya siri ya sanduku walipewa wote watano. Iliandikwa kwa wino mwekundu ndani ya jalada la daftari la mikutano.

Ilikuwa kanuni nzuri. Iliwekwa na watu waliotoka makaburini. Lakini ndiyo iliyomuumiza mtu asiye na kosa, na ndiyo sababu naandika haya.

Mtu huyo ni Galgalo Jarso, mfugaji wa makamo. Hakuwa mwanakamati. Alikuja kwa Rosina asubuhi ile ya mpunga, akasimama nje ya turubai asije akaukanyaga.

"Hodi, Mama Charity."

"Karibu, Baba Ikhlas. Keti."

Hakuketi. Alitoa simu yake. Ndani mlikuwa na picha tatu. Zachary na Dida walionekana wakiwaonyesha watu wageni mahali pa kuweka mawe ya mpaka. Mawe yalikuwa katikati ya malka.

"Mimi nilikuwa na ng'ombe kwa kichaka," alisema Galgalo. "Wao hawakuniona. Peleka hii ofisi ya ardhi."

Rosina alishika kichwa. "Baba Ikhlas, hii ni dhahabu."

"Lakini jina yangu isionekane. Dida ni ndugu ya bibi yangu. Ng'ombe yangu inakunywa kisima ya watu yake sasa, kwa sababu mto imefungwa. Unaelewa?"

"Naelewa. Jina lako halitaingia kwenye barua."

"Na mimi nataka kopi. Unitumie kwa hii simu."

"Kopi ya nini tena, na hutaki kujulikana?"

Galgalo alicheka bila furaha. "Mama Charity, barua ngapi sisi tumeandika? Ile ya wakati wa chifu mzee iko wapi? Ile ya mwaka wa njaa iko wapi? Zinaingia kwa droo, droo inafungwa. Safari hii nataka kuona na macho yangu kwamba imeenda."

Rosina hakuweza kumlaumu. Kila simu ya kupangusa ina sanduku la barua pepe, hata kama mwenyewe hajui. La Galgalo lilifunguliwa na binti yake, Ikhlas. Anwani yenyewe ilianza na jina lake, Galgalo.

Rosina naye alikuwa amefundishwa na binti yake, Charity, kutuma nakala ya siri. Basi aliandika barua kwenye sanduku la kamati. Mahali pa mpokeaji aliweka ofisi ya ardhi. Mahali pa nakala aliweka chifu. Mahali pa nakala ya siri aliweka Galgalo. Akabandika picha tatu. Akatuma.

Siku tisa zilipita. Ofisi haikujibu. Waliojibu walikuwa wengine.

Galgalo alipofika kisimani, vijana watatu walimzuia. Ng'ombe wake walifukuzwa hawajanywa. Alipouliza sababu, alijibiwa kwa fimbo. Rosina alimkuta Garsen, ameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji hadi begani.

"Pole, Baba Ikhlas."

Galgalo hakumtazama. "Jina yangu uliweka wapi?"

"Kwenye siri. Wallahi, kama mnavyoapa nyinyi. Niliweka kwenye siri."

"Siri gani inajulikana mpaka kisima?" Aliuweka sawa mkono wake. "Bibi yangu amerudi kwa mama yake. Ameniambia, wewe umemuuza ndugu yangu. Mimi nimeuza nani? Mimi nimeuzwa."

Rosina aliketi kando yake. Alijiuliza: je, nilibonyeza mahali pasipofaa? Au ofisi ndiyo imetoboa siri? Hakuwa na njia ya kujua. Ama alidhani hana.

Aliondoka pale, akaenda moja kwa moja kwa Ikhlas. Ikhlas alikuwa na kiduka cha kompyuta karibu na stendi, cha kuchapa barua na kutoa kopi. Wateja wawili walikuwa wakingoja. Ikhlas alipomwona Rosina, aliwaambia, "Rudini baadaye." Hakumwambia Rosina karibu.

"Shikamoo," alisema, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja..."

"Najua umekuja kwa nini. Umekuja kuniambia si wewe."

"Nimekuja kuuliza kama ni mimi."

Ikhlas alirudisha mlango wa kiduka. Kisha akavuta kiti kwa mguu. "Keti. Lete simu. Fungua sanduku la kamati."

Rosina alifungua.

"Watu wengi wakishatuma barua pepe wanafikiri imetoweka," alisema Ikhlas. "Haikutoweka. Iliyofika kule ni nakala. Yako imebaki hapa. Ona hii mistari mitatu ya pembeni? Bonyeza. Sasa tafuta palipoandikwa Zilizotumwa. Fungua barua yenyewe."

Rosina alifungua. Aliona maneno yake na picha za Galgalo.

"Mbona majina siyaoni yote?"

"Yamekunjwa. Chini ya jina la mtumaji kuna kishale kidogo kinachotazama chini. Kibonyeze."

Rosina alibonyeza. Mistari ikajitokeza. Ikhlas aliweka kidole kwenye kioo.

"Mstari wa kwanza ni uliyemwandikia. Ni ofisi. Mstari wa pili ni nakala ya wazi. Ni chifu. Huyu kila mtu anamwona. Mstari wa tatu ni nakala ya siri. Kwenye simu nyingi utaona herufi tatu tu: Bcc. Soma."

Rosina alisoma polepole. Jina la Galgalo lilikuwa mstari wa tatu.

"Kwa hiyo nilipatia?"

"Ulipatia. Ofisi ikibonyeza kishale kama hiki, itaona mistari miwili tu. Chifu vile vile. Huu wa tatu hautoki kwenda kwao."

Rosina alifunika uso kwa leso. Alilia kidogo, kwa nafuu. Ikhlas alimwacha. Halafu aliuliza, "Na baba hakujibu ile barua? Maana aliyefichwa akibonyeza kuwajibu wote, amejifichua mwenyewe."

"Hata kuandika hajui, mwanangu. Wewe wamjua."

"Kweli." Ikhlas aliitazama simu tena. Uso wake ukabadilika. "Mama Charity, huu mstari wa tatu mimi nauona."

"Si nimekufungulia sanduku?"

"Ndiyo. Nauona kwa sababu nimo ndani ya sanduku la aliyetuma. Nani mwingine anaweza kuingia humu?"

Rosina alianza kujibu, akasita. Aliuona wino mwekundu ndani ya jalada la daftari.

"Sisi watano," alisema.

"Watano?"

"Ndiyo kanuni yetu. Hakuna kufichana."

Ikhlas alikaa kwenye kiti cha mteja. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Nakala ya siri inamficha mtu kwa wale wanaopokea. Haimfichi kwa anayetuma. Wewe mtumaji lazima ubaki unaona, ndiyo maana tumeweza kukagua. Lakini mwenye ufunguo wa sanduku lako naye anaona kama wewe. Baba ulimficha ofisi. Ulimficha chifu. Halafu ukamwacha wazi mbele ya watu wanne wa nyumbani."

"Tungekagua siku ile ile..."

"Mngekagua siku ile ile, ungeliona jina lake pale. Ungejiuliza, nani mwingine analiona? Ungenipigia. Barua ikishaondoka huwezi kuirudisha, lakini namba ya siri ungeweza kuibadilisha dakika ile. Na baba ungemwonya, asiende kile kisima."

Mimi nakasirika ninapofika hapa. Miaka yote tunafundishwa kupiga kura na kunawa mikono. Simu tuliachiwa tujifunze wenyewe, kwa kuumia.

Rosina hakuwa na la kumfanyia Galgalo siku ile. Alitaka angalau kujua. Aliwauliza wanakamati mmoja mmoja. Watatu walisema hawajafungua sanduku tangu mvua. Wa nne alikuwa Job, mkulima jirani yake, mtu wa sauti kubwa na moyo mweupe. Alimkuta akichimba kwa chepeo kwenye migomba.

"Job, uliifungua ile barua?"

"Niliifungua! Nilitaka kujua kama ofisi imejibu. Nikaisoma tena, barua yetu safi kabisa. Nikabonyeza kale kakishale nione kama chifu amepata yake. Ndipo nikaona, kumbe Galgalo naye yumo!"

"Ukamwambia nani?"

"Aa, sikumwambia mtu vibaya. Pale kibanda cha chai, Garsen, watu walianza kusema Waorma wote wako na Dida. Nikasimama. Nikawaambia, nyamazeni! Kuna Muorma anaitwa Galgalo, ametusaidia kuliko nyinyi. Nilimsifu, Rosina. Nilimsifu mbele ya watu!"

Rosina alimtazama. "Amevunjwa mkono, Job."

Chepeo ilianguka kutoka mkononi mwa Job. Aliketi chini kwenye matope, mtu mzima, akaanza kung'oa majani yasiyo na kosa.

Mkutano wa kamati uliitishwa siku iliyofuata. Ulikuwa mfupi na mzito. Ikhlas aliitwa aeleze. Alikuja, akasimama, akakataa kiti.

"Kanuni yenu ya kutofichana ni nzuri kwa barua zenu," alisema. "Lakini maisha ya shahidi si mali ya kamati. Barua za kamati zibaki kwenye sanduku la kamati. Anayetaka kulindwa asiguswe humo kabisa. Atumiwe kutoka kwenye sanduku la mtu mmoja, lenye namba ya siri ya mtu mmoja, kwenye simu iliyofungwa."

"Na tukimwamini vibaya huyo mmoja?" aliuliza Farah, mfugaji wa kamati.

"Basi mtajua ni nani wa kumuuliza. Sasa hivi hamjui. Mko watano."

Farah aliitikia kwa kichwa. Walikubaliana. Rosina alichukua daftari, akalichana jalada lenye wino mwekundu, akalichoma. Namba ilibadilishwa. Mambo ya mashahidi aliachiwa katibu, kwenye sanduku lake mwenyewe.

Galgalo hakungoja kuona. Wiki ile ile aliondoka na ng'ombe wake, akaenda juu, upande wa Bangale, kwa mjomba wake. Alichunga kwa mkono mmoja. Rosina alimkimbilia barabarani kumwomba msamaha.

"Nimekusamehe, Mama Charity," alisema. "Lakini hapa siwezi kurudi. Wewe kusamehewa haifungui kisima."

Mwezi mmoja ulipita. Ofisi ilijibu barua ile, ikasema picha hazitoshi. Tajiri alikuwa na karatasi ya wanakijiji waliokubali malka ifungwe. Ikiwa kuna pingamizi, lije na ushahidi kabla ya siku kumi na nne.

Karatasi gani? Hakuna aliyeijua. Wiki ya kwanza ikaisha. Vijana walianza kunoa vitu. James alianza kulala na panga chini ya mkeka. Wenye kumbukumbu tulijua tunaelekea wapi.

Ndipo Amina alipokuja. Amina ni mama wa Kiorma anayeuza maziwa nyumba kwa nyumba. Aliweka kibuyu chini, akaangalia nyuma, akaangalia tena.

"Mama Charity, mimi hupeleka maziwa kwa Zachary. Juzi karatasi ilikuwa mezani. Nilipiga picha."

Rosina aliipokea simu. Yalikuwa majina ishirini na saba, na kila jina na kidole chake cha wino. Alisoma. Alipofika la sita alirudia kulisoma. Lilikuwa jina la kaka yake. Kaka yake alizikwa miaka ile ya mapanga. Aliendelea. Tisa kati ya ishirini na saba walikuwa makaburini. Wafu wetu, Waorma na Wapokomo, waliwekwa kwenye orodha kwamba wamekubali malka ifungwe. Malka ile ile waliyoifia.

"Ofisi ikiiona hii, waya unaanguka," alisema Rosina.

"Najua," alisema Amina. "Lakini nimeuona mkono wa Galgalo. Mimi nina watoto wanne. Nataka nione kwamba imefika, na nataka nisiwemo. Utaweza?"

Rosina alimvutia kigoda.

"Kaa hapa tufanye pamoja," alisema.

Alifungua sanduku lake mwenyewe, si la kamati. Aliandika barua fupi. Hakuandika maziwa, wala nyumba ya Zachary, wala mama. Mpokeaji aliweka ofisi. Nakala ya siri aliweka Amina. Kabla ya kutuma alisoma mistari yote kwa sauti, kidole juu ya kila jina. Akatuma.

"Tayari?" Amina aliuliza, akitaka kuinuka.

"Bado. Kaa."

Alifungua Zilizotumwa. Alifungua barua. Alibonyeza kishale. Mstari wa kwanza ofisi. Mstari wa pili hapakuwa na mtu. Mstari wa tatu Amina. Alimgeuzia simu.

"Wewe ni huyu. Wanaouona mstari huu ni mimi na wewe tu. Usijibu hii barua. Usimwonyeshe mtu. Ukishaisoma, ifute kwako. Mimi namba yangu ya siri haijui hata James."

"Hata mimi?" James alisema kutoka mlangoni.

"Hasa wewe. Wewe na Job mwanywa chai kibanda kimoja."

Amina alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka katika nyumba ile tangu mavuno.

Wapimaji wa ofisi walikuja siku ya kumi na mbili kati ya zile kumi na nne. Waliwaita watu wa orodha, jina kwa jina. Ukimya ulijibu mara tisa. Zachary alitazama viatu vyake. Dida hakuja. Baada ya wiki tatu waya ulikunjwa, ukapakiwa kwenye lori lile lile lililouleta.

Siku malka ilipofunguliwa, kamati ilikutana kando ya mto. Amina aliwamiminia watu maziwa kwenye chai. Job alisimama. Siku hizi husimama polepole.

"Kuna mtu alituokoa na ile karatasi," alisema. "Mimi nilikosa mara moja, najua. Lakini mtu huyu tusimshukuru? Mama Charity, tutajie jina. Hata kwa sikio tu."

Amina aliendelea kumimina. Hakumwaga hata tone.

"Andikeni tu kwamba karatasi ilipatikana," Rosina alisema.

"Na jina?"

"Halipo."

Job alishusha kikombe chake. Kisha akainamisha kichwa. "Basi halipo," alisema, akaketi.

Ng'ombe walianza kushuka. Vumbi liliinuka juu ya malka, na mpunga pembeni ukasimama bila kuguswa. Farah aliwaita kwa mluzi. Mmoja mmoja walipita, wakaingia majini hadi magotini, wakanywa.

Rosina alisimama akiwatazama. Galgalo alikuwa na jike mweupe mwenye pembe moja, ambaye siku zote alitangulia. Alimtafuta mbele. Alimtafuta katikati. Alingoja hadi ng'ombe wa mwisho akapita, hadi vumbi likakaa.

Yule wa pembe moja hakuwepo.